Hakuna aliyeniambia hapana

Chai niliichemsha saa mbili asubuhi, ya maziwa, tangawizi ya kutosha, kwa sababu mkwe wa mzee niliyetaka kumhoji alishanitonya kuwa hanywi ya rangi. Mpaka saa nane mchana chupa ilikuwa bado imejaa. Magodoro mawili tumeyasimamisha ukutani yameze mwangwi, blanketi linaning'inia mlangoni, maiki mbili zinatazamana mezani kama watu waliogombana. Mdogo wangu, ambaye ndiye fundi wa sauti, alishalala mkekani. Mgeni tuliyemsubiri alikuwa ameniambia "nakuja" mara tano ndani ya wiki tatu. Asubuhi hiyo, saa nne, yuko njiani. Saa sita, simu haipatikani.

Alikuwa mgeni wa saba kunifanyia hivyo. Ilikuwa Machi 2024, mwezi wa tatu tangu nianzishe podikasti ya mahojiano kuhusu kazi za watu wa Dodoma, narekodia kwenye chumba cha nyuma ya stesheneri yangu, mtaa wa Kisasa. Vipindi vilivyokuwa vimetoka ni viwili: kimoja nimemhoji mjomba, kingine dada wa saluni ya jirani, ambaye alikubali kwa sababu umeme ulikatika na draya zake zote zilikuwa zimelala.

Maiki, kinasa sauti, stendi na waya vilinigharimu 640,000, hela ya mchezo (upatu) niliyopokea Desemba. Nikadhani gharama zimeisha. Kumbe mitambo unanunua mara moja, wageni unawanunua kila wiki: hadi mwisho wa Juni daftari langu lilisoma 412,000 za vocha, bodaboda, maandazi na soda, kwa vipindi vitano. Siku nilizofunga duka sijazihesabu, naogopa.

Kosa la kwanza lilikuwa orodha. Niliandika majina ishirini, na karibu yote yalitanguliwa na Mheshimiwa, Mkurugenzi, Daktari au Profesa. Ukiishi makao makuu ya nchi wakubwa wanakupita kila siku kwenye magari ya vioo vyeusi, basi unaona ni suala la kupunga mkono tu. Nikachapa barua, nikapeleka moja kwenye ofisi fulani Mji wa Serikali, Mtumba. Masjala wakaipokea vizuri kabisa, ikagongwa muhuri, nikapewa namba ya kumbukumbu, nikaambiwa nifuatilie baada ya wiki. Nikafuatilia mara nne. Mtumba kutoka mjini ni kama kilomita 17, na kila safari ilinimalizia nusu siku.

Mara ya nne afisa mmoja alinihurumia. Akanitoa nje kwenye kivuli.

"Dada yangu, mtumishi wa umma hazungumzii mambo ya ofisi hadharani bila kibali. Barua iende kwa Katibu Mkuu, ipitie kitengo cha mawasiliano, na uambatanishe maswali. Wewe hapa umeandika nini? Eti 'kubadilishana mawazo.' Mawazo gani? Nani atasaini hapo?"

Aibu ilinishika. Ni kweli, barua nzima haikuwa na swali hata moja. Haikusema mahojiano yatachukua dakika ngapi wala yatasikika wapi. Nilikuwa nimejaza heshima tupu, aya nzima ya "kwa heshima na taadhima", kana kwamba taadhima ndiyo itakayojibu maswali. Tangu siku hiyo barua zangu ni nusu ukurasa: mimi ni nani, nataka kuzungumza nini, maswali matano, muda, mahali, na nani mwingine amewahi kuja.

Lakini kilichonifaa zaidi alikisema wakati naondoka. "Mimi mwenyewe nina ekari mbili za zabibu Hombolo. Zabibu hazina kibali." Akawa mgeni wangu wa tatu. Alimtaarifu mkuu wake kwa mdomo, akavua beji, akaja Jumamosi, akazungumza saa nzima kuhusu kupogoa, kuhusu kuvuna mara mbili kwa mwaka, kuhusu mnunuzi anayekuja shambani akijua fika kuwa zabibu iliyoiva haisubiri. Hadi leo hicho ndicho kipindi kinachotumwa zaidi kwenye magrupu ya WhatsApp. Ukiwa Dodoma, usimtafute mtu kwa cheo chake. Ulizia analima nini, anafuga nini, alikuwa nani kabla hajahamishiwa hapa.

(Na kabla hujaanza kuhoji watu kuhusu siasa na matukio ya sasa, pita TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uulize kama unahitaji leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilianza 2018 na zimeshabadilishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo usitegemee alichokuambia rafiki aliyeuliza miaka mitatu iliyopita.)

Waheshimiwa nao wana kalenda yao, na mimi nilikuwa siijui ingawa naishi ndani yake. Bunge la Bajeti linaanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni. Miezi hiyo mji unafurika, vyumba vya wageni vinapanda bei, na nikadhani ndiyo msimu wangu wa mavuno. Mbunge mmoja alinikubalia. Maswali yanaanza saa tatu asubuhi, mchana wanapumzika, jioni wanarudi ukumbini, na katikati hapo kuna wapiga kura waliotoka jimboni wanamsubiri nje na shida zao. Wikiendi hayupo. Nilipata dakika 25 ndani ya gari lililoegeshwa, simu mbili zikiita kwa zamu. Sauti iliyotoka haikufaa hata kuwapa ndugu wasikilize. Siku hizi wabunge nawatafuta wakati wa vikao vya kamati, kabla ya mkutano kuanza, na maswali nayapeleka kwa msaidizi wake kwanza. Msaidizi ndiye mwenye shajara. Mheshimiwa mwenyewe hajui kesho yuko wapi.

Rudi kwa yule mzee wa chai.

Nilimtaka kwa sababu ujana wake alishika mnyororo wa wapima ardhi, miaka ile baada ya TANU kuamua, 1973, kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Alitembea porini akishika ncha moja ya mnyororo pale ambapo leo kuna barabara za lami na maghorofa. Nani hangemtaka mgeni kama huyo? Namba yake nilipewa na mkwewe, mke wa mwanawe mkubwa, ambaye hununua madaftari dukani kwangu. Siku ya kwanza tulikwenda wote nyumbani kwake, Chang'ombe ya hapa Dodoma. Nikapiga goti, shikamoo mzee, marahaba mwanangu. Nikaeleza. Akasikiliza kwa utulivu. Akasema, "Hamna shida, mwanangu. Tuombe uzima."

Nilikutana naye mwezi wa sita, soko la Sabasaba, anachagua nyanya. Nilitaka kujifanya sijamwona, akaniita yeye.

"Mwanangu, ile shughuli yako iliendaje?"

"Inaendelea, mzee. Bado nakusubiri."

Akacheka mpaka akaweka nyanya chini. "Mimi sikutaka tangu siku ya kwanza. Haya meno unayaona yalivyobaki, nikisema maneno yanatoka na upepo. Nisikike nchi nzima?"

"Sasa mbona hukuniambia, mzee?"

"Ningekuambiaje, na umeletwa na mkwe wangu?"

Nilisimama pale sokoni na mfuko wangu wa vitunguu, nikawapitia wote saba kichwani, mmoja mmoja. Nani kati yao alikuwa na nafasi ya kunikatalia? Fundi cherehani nilimfuata na mwenye nyumba wake. Mwalimu mstaafu nilimpata kupitia padri wake. Yule kijana wa mifugo alitambulishwa na bosi wake, bosi akiwa amekaa pale pale. Mimi nilijisifu kwa kupata watambulishaji wazito. Kumbe nilikuwa nawafungia watu mlango kwa nje halafu nawauliza kama wanapenda kubaki ndani. Kwetu kumkatalia mtu usoni ni kumvunjia heshima, na kumkatalia aliyeletwa na mkweo ni kuvunja nyumba. Basi mtu anakubali kwa mdomo, na hapana anaiachia simu isiyopatikana.

Nikabadili mwendo. Mtambulishaji bado namhitaji, bila yeye simu yangu haipokelewi. Lakini kazi yake inaishia kwenye kutaja jina langu. Baada ya hapo narudi peke yangu, au napiga simu peke yangu, na nasema wazi: "Mzee, hili si la lazima. Kama halikupendezi niambie tu, wala sitamwambia mtu, na ukimjua mwingine anayependa kuongea nielekeze kwake." Wiki ya kwanza niliyosema hivyo, watu wanne kati ya saba walikataa hapo hapo. Hujawahi kusikia sauti za watu waliopumua vile. Mmoja alinishukuru. Na wote wanne walinipa majina ya watu wengine, sita kwa jumla, na kati ya hao sita watatu wamekuja.

Nimejifunza pia kuzisikiliza ndiyo. "Tutawasiliana" ni hapana. "Nitakutafuta" ni hapana yenye huruma. "Nikumbushe" peke yake haina uzito, ila "nikumbushe Jumatatu jioni nikitoka kazini" ni ndiyo, kwa sababu siku ameitaja mwenyewe. "Inshallah" inategemea msemaji: kwa wengine ni kuchomoka, kwa wengine ni ahadi kubwa kuliko saini, mpaka umjue mtu. Halafu kuna swali langu la chai. Mwishoni mwa simu nauliza, "Ukija nikuchemshie ya maziwa au ya rangi?" Anayekuja anajibu. Asiyekuja anasema "yoyote tu dada, usijisumbue." Mdogo wangu alinicheka sana kwa hili, sasa naye analitumia.

Posho. Nimechelewa kulitaja kwa sababu linanichoma.

Mgeni wa nne, mtu wa kuendesha semina semina, alimaliza kuzungumza, akanywa soda, akabaki amekaa. Tukatazamana. Akauliza kwa upole kabisa, "Sasa hapa mmepanga ngapi?" Sikuwa nimepanga chochote. Nikatoa 50,000 kwenye bahasha ya kodi ya chumba, nikampa, akaihesabu. Si kosa lake. Huu ni mji wa vikao, mtu akiitwa akae kwenye kiti aongee, kuna karatasi ya kusaini mwishoni. Kosa ni langu la kunyamaza. Tangu hapo nalisema kwenye simu ya kwanza, kabla ya tarehe: silipi mahojiano, nalipa nauli ya kwenda na kurudi, na chakula kipo. Wawili wameniaga hapo hapo kwa adabu. Afadhali.

Ila sheria hiyo nayo niliivunja mwenyewe. Mama anayeuza uji na vitumbua karibu na Jamatini alikubali kuja, na alipokuja nikapiga hesabu: saa tatu za asubuhi, ndizo saa zake za mauzo. Mimi nimempa nauli ya daladala, nikamkalisha kwenye chumba cha magodoro, nimemla mtaji. Afisa akija kwangu Jumamosi mshahara wake uko pale pale. Mama wa vitumbua akija, siku yake imekwenda. Sasa watu wa kipato cha siku nawafuata mimi, muda wasio na wateja, na wakilazimika kuacha biashara nawafidia, nasema ni fidia ya muda na naitaja hata kwenye kipindi ili msikilizaji ajue. Kuna watu wameniambia hii si taaluma. Wengi wao wana mshahara.

Wageni wa Dar es Salaam ni hadithi nyingine, na fupi. Zamani ilikuwa kumwomba mtu apande basi mchana kutwa aje kuongea saa moja, nani angekubali? Tangu Julai 2024 treni ya reli ya kisasa, SGR, ilipoanza kufika Dodoma, safari inachukua chini ya saa nne, na nimepata wageni wawili waliokuja na kurudi siku hiyo hiyo. Muhimu ni kupanga mahojiano kwa kufuata ratiba ya treni, si treni ifuate mahojiano, na kumkatia tiketi mapema. Ijumaa achana nayo, wenye familia Dar wote wako safarini siku hiyo.

Kipindi ninachokipenda kuliko vyote nilikaribia kukipoteza kwa ujinga wa mtu wa mjini. Nilitaka mama anayepiga ngoma ya muheme, ngoma za akina mama wa Kigogo, ile inayobanwa mapajani. Nikaelekezwa kijiji kimoja wilayani Chamwino, nikapanda gari la abiria, Noah, mwezi wa pili. Kijiji kitupu. Mvua ilikuwa imenyesha, kila mtu yuko shambani anapalilia uwele, na mwenyekiti wa kitongoji akanitazama kama mtu aliyeuliza sherehe msibani. "Rudi tukishavuna," akasema. Nauli ya kwenda na kurudi, siku nzima, kwa sentensi moja ambayo angenipa kwenye simu.

Nilirudi mwezi wa saba. Nikasalimia "mbukwenyi" kwa lafudhi yangu mbaya, wakacheka, mambo yakalainika. Mama niliyemtaka akasikiliza maelezo yangu ya kuja Kisasa kwenye chumba chenye magodoro, akauliza, "Huko kuna nani wa kuitikia?" Sikuelewa. Akafafanua kuwa ngoma hiyo haipigwi na mtu mmoja, na yeye hawezi kukaa peke yake chumbani aeleze kitu cha watu wengi. Basi tukarekodi pale pale, akina mama sita, chini ya mbuyu. Upepo wa Dodoma mnaujua. Tulivisha maiki soksi mbili mbili na mdogo wangu akakaa upande wa upepo na kanga iliyotandazwa kama tanga. Kuku wamo kwenye kipindi, sikuwatoa.

Kabla ya kuanza mmoja wao, mdogo kuliko wote, akauliza sauti ile itakuwa ya nani na itauzwa wapi. Swali la haki. Watu wa huku wanajua muziki wao unaweza kufika mbali, jina la Hukwe Zawose lilifika majukwaa ya Ulaya. Mimi nilikuwa na fomu ya ridhaa ya kurasa tatu niliyoichapa baada ya kusoma kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Nusu yao hawakuisoma, na nusu iliyoisoma ikaanza kuogopa. Nikaiweka mkobani, nikawasha kinasa sauti, nikauliza kwa mdomo: mnakubali kurekodiwa, mnakubali isikike mtandaoni, na mkibadili mawazo nani atanipigia, na mimi nimpigie nani? Wakajibu mmoja mmoja kwa majina yao. Faili hiyo ninayo, naitunza kuliko kipindi chenyewe.

Ningekuwa na akili hiyo mwezi wa tano nisingemkosea yule mgeni mwingine. Katikati ya mazungumzo aligusia ugomvi wa kiwanja na kaka yake, sentensi mbili tatu, akaendelea. Zilikuwa tamu, nikaziacha, nikazifanya hata tangazo la kipindi. Saa tano usiku akanipigia analia. Kaka yake amesikia, kikao cha ukoo kilichokuwa karibu kuwapatanisha kimevunjika. Nilikishusha kipindi usiku ule ule lakini watu walishakipakua. Nilikwenda kuomba radhi na sukari kilo mbili na mama yangu mkubwa wa kunisemea. Alinisamehe kwa maneno. Ya moyoni siyajui. Sasa kila mgeni anasikia kipindi chake siku mbili kabla hakijatoka, na akisema toa hapa, natoa. Nimepoteza sehemu nzuri kadhaa hivyo.

Daftari limetulia kidogo. Nina wageni wanne mbele, siyo ishirini, na mmoja wa akiba anayeishi mtaa huu huu, kwa siku mtu akiugua au mvua ikipiga bati mpaka hatusikilizani. Usiku wa kuamkia mahojiano natuma ujumbe wa sauti na picha ya geti letu, na asubuhi napiga simu.

Juzi nilimpigia fundi wa baiskeli wa Majengo, mzee niliyeelekezwa kwake na mteja. Nikajitambulisha, nikasema si lazima. Hata sijamaliza, akasema, "Hapana mama, mimi siwezi hayo." Sekunde kumi. Nikamshukuru, naye akanipa namba mbili za mafundi wenzake. Moja haipatikani. Ya pili ameipokea mwenyewe, Jumamosi saa tatu, na chai amesema ya rangi, sukari kidogo, ana kisukari.